Unga wa Bi Harusi

Mama yangu alikuwa akisema kwamba siku niliyozaliwa pua ndiyo iliyotangulia, maana tangu nijue kutambaa hakuna chungu nilichokipita bila kukifunua. Nakubali. Nikiona mlango umefungwa nataka kujua ndani kuna nini, na nikiambiwa "hilo halikuhusu" ndipo linaponihusu hasa. Tabia hii imenipunguzia marafiki na kuniongezea habari. Nyingi kati ya habari hizo nimezisimulia mara nyingi mno. Hii moja nimekaa nayo muda mrefu, kwa sababu ndani yake mdomo wangu ulitangulia akili.

Nilikuwa mwalimu mpya, binti wa karani wa Mbeya, ndiyo kwanza nimetoka chuoni. Nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji cha ujamaa chini ya milima ya Mbizi, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya kuliko viatu vyangu. Miaka miwili nyuma watu wake walikuwa wakiishi huko juu mlimani, kila ukoo na kitongoji chake. Wakaambiwa wateremke wakae pamoja kando ya barabara, penye shule na maji ya bomba na zahanati itakayojengwa. Wakateremka. Nyumba zilipangwa kwa mistari minne kama wanafunzi kwenye paredi. Kila asubuhi niliwaona watu wazima wakitoka mlangoni, wakisimama, wakiutazama mlima kwanza, halafu ndipo wakitafuta jembe.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa bado haijaezekwa, kwa hiyo nikapewa chumba kwa mjane mmoja wa miaka kama sitini, mwembamba, mtu wa rozari kila jioni. Watoto wake walikuwa wameolewa mbali. Nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza na yeye akaniita Mwalimu, hata alipokuwa akinigombeza kwa kuunguza maharage. Tulipatana upesi. Mimi nilipenda kuuliza, naye alipenda kutojibu, na jikoni hapakukosekana shughuli.

Ikafika mwezi wa nane. Ulezi na mahindi yalikwisha kuingia ghalani na upepo wa Ufipa ulikuwa ukivuma mpaka machozi yanatoka bila huzuni. Ukaitwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akasema msingi wa zahanati umekwisha, sasa kinahitajika kifusi kigumu cha kujazia sakafu kabla ya mvua. Kifusi kipo, akasema, wala hakitaki lori: lile tanuri la zamani la kuyeyushia chuma, pale kwenye mgongo wa mlima juu ya shule. Udongo wake ulichomwa mpaka ukawa jiwe, mchwa hawauwezi. Jumatatu ya wiki inayofuata wanaume watalivunja na wanawake watabeba.

Wanaume wakapiga makofi. Wanawake waliguna. Mguno ule ulikuwa mdogo, wa kooni tu, lakini niliusikia, na masikio yangu yakasimama. Nikanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, tanuri hilo ni la nani? Lilijengwa lini? Hatuwezi kuliacha kwa ajili ya historia?"

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Mke wake alijifungulia njiani kwenda mjini mwaka uliotangulia, na mtoto hakupona. Aliniangalia kwa upole, akasema, "Mwalimu, mgonjwa halazwi kwenye historia."

Watu wakacheka. Nilikaa chini uso ukiwaka moto, na kuchekwa mkutanoni ni kitu ninachokichukia kuliko baridi.

Jioni ile Bibi alikuwa akipepeta ulezi. Akasema bila kuinua macho, "Mwalimu, Jumamosi utanisindikiza mlimani."

"Kufanya nini, Bibi?"

"Kulitazama hilo tanuri. Mama yangu alifukuzwa kwa ajili yake. Nilikuwa mtoto wa meno ya mbele kung'oka. Nataka kujua kosa lilikuwa wapi, kabla hawajalivunja."

Niliacha kuchambua maharage. "Lakini Bibi, lile pale, nusu saa tu kutoka hapa. Miaka yote hiyo hukuwahi kwenda?"

"Mwanamke haendi."

"Halijawashwa miaka hamsini!"

"Mwanamke haendi," akarudia, kisha akapuliza makapi. "Jumamosi tutakwenda."

Nilikuwa na maswali kumi. Alinijibu yote kwa kunisogezea bakuli la maharage.

Jumamosi tukaondoka jua likiwa limekwisha kupasha mgongo. Nilidhani tutapanda moja kwa moja nyuma ya shule. La. Bibi alitaka tupite kwao kwanza, kule juu kilipokuwa kitongoji chao, halafu tushukie tanurini kwa njia waliyopita mafundi wenyewe. Nilifurahi kimoyomoyo. Mkuu wetu wa elimu alikuwa amemtaka kila mwalimu aandike kurasa mbili za historia ya kijiji chake, na mimi nilikwisha kujaza ukurasa mzima kwa mambo ya bomba la maji.

Njia ilipanda kati ya miyombo, ikatoka kwenye nyasi, ikawa kijia chembamba kilichochimbwa na nyayo mpaka kikawa kama mfereji. Bibi alikwenda peku, bila kuhema. Mimi na viatu vyangu vya chuo nilikuwa nikisimama kila baada ya hatua ishirini, nikijifanya naangalia mandhari.

"Njia hii aliitengeneza nani?" nikauliza.

"Miguu."

"Miguu ya nani?"

Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Babu yangu mzaa baba. Alikuja na ndugu zake wawili kabla ya watu wengine wote. Walikuwa wakifuata mawe ya chuma. Walipoona mlima huu mawe yake ni mekundu na mazito, wakasema hapa tumefika. Wake zao wakafuata nyuma na mbegu. Shamba la kwanza lililimwa pale unaposimama."

Niliangalia chini ya miguu yangu. Palikuwa na matuta ya zamani, yamefunikwa na nyasi lakini bado yanaonekana, mviringo mmoja mmoja, kama Wafipa wanavyolima wakifukia majani ndani ya udongo. Mbele kidogo kulikuwa na mawe ya kusagia, yamechimbika katikati kwa kazi, na kuta za nyumba zilizobaki kimo cha goti. Bibi alipita katikati ya kuta hizo akizitaja nyumba za nani na nani, na mimi nikawa naandika huku natembea, mpaka nikajikwaa.

Nikamuuliza habari za tanuri, na safari hii alijibu. Nadhani ni kwa sababu tulikuwa kwao.

Tanuri la chuma, ambalo kwa Kifipa waliita ilungu, lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, refu kuliko mtu, pana chini na jembamba juu, lenye milango midogo kuzunguka miguu yake ya kuingizia upepo. Lilipokamilika wanaume walilipamba. Walilivisha maua shingoni, wakalipaka unga, wakaliimbia nyimbo za harusi. Lilikuwa bi harusi wao. Wakalijaza mkaa na mawe, wakaliwasha, na kwa siku zote za moto walilala kule kule, hawarudi kwa wake zao. Chuma kilichotoka ndicho mtoto. Na wake waliobaki nyumbani walitakiwa kujitunza. Mke akitoka nje ya ndoa wakati moto unawaka, bi harusi wa kule mlimani hukasirika, na mtoto hazaliwi.

"Na chuma kisipotoka?"

"Inatafutwa nyumba iliyovunja mwiko. Wanaanza nyumba ya fundi mkuu."

"Fundi mkuu alikuwa nani?"

"Baba yangu."

Nilipandwa na hasira nikasimama katikati ya njia. "Yaani udongo uharibike, aulizwe mwanamke! Mbona hawakuuliza mkaa? Mbona hawakuuliza mawe?"

"Sijui wewe utaolewa na nani," Bibi akasema, akaendelea kutembea.

Kisha, baada ya hatua kadhaa, akaongeza kwa sauti nyingine, "Baba yangu alikuwa mtu mwema. Usimwandike vibaya. Mama alipoondoka ni yeye aliyenilea. Alikuwa na vidole tisa. Kile kidogo cha mkono wa kulia kilikatwa na nyundo ujanani. Akiniogesha nilikuwa nikilishika lile pengo nisianguke. Alikufa mikononi mwangu. Nilikuwa nikimlisha uji kwa kijiko."

Upepo ulizidi, na tukaingia katika pango lililokuwa chini ya mwamba mkubwa, hatua chache kutoka njiani. Pango lile lilikuwa refu, kavu, na sakafu yake ilijaa majivu ya zamani na vigae vya vyungu. Bibi alisema watu wa kitongoji walijificha humo na mbegu zao wakati wa vita vya mababu, na baadaye mafundi walihifadhi mkaa wao humo. Nilitaka kwenda mpaka mwisho. Nilitaka kupima kwa hatua, kuhesabu vyungu, kujua kama moshi ule ukutani ni wa vita au wa mafundi. Lakini Bibi alikaa karibu na mlango, akafungua furushi la viazi vya kuchemsha, hakula.

"Nilijificha hapa," akasema.

"Wakati wa vita?"

"Vita gani, mimi mzee kiasi hicho? Siku ya kumpamba bi harusi."

Nikakaa.

Alikuwa mtoto, akasikia wanaume wakiimba nyimbo za harusi upande wa pili wa mlima. Alipenda harusi. Alipita njia hii hii, akajificha pangoni mpaka walipokwenda kuleta mkaa, akashuka peke yake. Alilikuta limesimama, refu, jeupe, na maua shingoni. Hakuwa amewahi kuona kitu kizuri namna ile. Akaligusa. Unga ukamshika kiganjani, akaulamba. Halafu akachota mwingine, akaulamba tena, maana ulikuwa unga mweupe wa mtama uliotolewa bondeni, na kwao walikula ulezi.

"Niliporudi nyumbani mama alikuwa akisonga ugali. Akaniangalia. Akanifuta kidevu kwa kiganja chake, akaangalia kiganja, akakifuta kwenye nguo. Akaendelea kusonga."

Siku za moto zikapita. Chuma hakikutoka. Kilichotoka ni makapi meusi na mawe nusu mbichi. Wazee wakaketi, wakamwita mama, wakamuuliza ni mwanamume gani. Akaapa kwamba hakuna. Wakamuuliza tena, akaapa tena. Kisha akafungasha vitu vyake akarudishwa kwa ndugu zake, Milepa, kule chini bondeni kwenye joto. Baada ya mwaka mmoja zikaja habari kwamba amekufa kwa homa.

"Mwiko ulivunjwa kweli, Mwalimu. Niliuvunja mimi. Yeye alijua, na alinyamaza." Bibi alikunja furushi la viazi kama lilivyokuwa. "Nimekwenda kuungama kwa mapadri watatu. Wote wamesema ni ushirikina, nisali Salamu Maria tano. Nimesali. Bado nataka kuliangalia."

Nilifunga daftari langu nikaliweka pembeni. Hilo halijanitokea mara nyingi.

Kutoka pangoni njia ya mafundi ilishuka taratibu, na kando yake palikuwa na vipande vyeusi vinavyong'aa, makapi ya chuma, mengine mazito kama tofali. Tukazunguka mwamba, na tanuri likawa mbele yetu.

Sijui nilitarajia nini. Nilikuwa nimefikiri ni lundo. Lilikuwa limesimama, refu karibu mara mbili yangu, wekundu wake umefifia, limeota kuvu upande mmoja na nyasi kwenye mdomo wa juu. Milango midogo ilikuwa imezunguka chini, na ndani ya baadhi yake mabomba ya udongo yalikuwa bado yamekaa. Kwa mbali chini yetu tuliona mabati ya shule na msingi wa zahanati.

Bibi alisimama mbali, hatua kumi hivi. Miguu yake haikutaka. Nikaenda mimi. Nilipaswa kumsubiri, lakini mnajua pua yangu.

Nililizunguka. Nikachungulia mlango mmoja, nikaona ndani kumejaa donge jeusi la makapi lililoshikana, kazi ya mwisho ambayo haikuondolewa yote. Ndilo lile lile, basi. Hawakuwasha tena baada ya hapo. Nikafika upande wa nyuma, unaoangalia mlima, nikaona ufa.

Ulianzia chini kabisa ukapanda mpaka kifuani pangu, mpana wa kuingiza mkono. Na ulikuwa umezibwa. Mtu alikuwa ameusindilia udongo mbichi kwa mikono, haraka haraka, tonge juu ya tonge, na udongo huo nao ulikuwa umechomwa na moto mpaka ukawa jiwe. Kiraka kilikuwa kimepasuka tena katikati, na makapi meusi yaliyoyeyuka yalikuwa yametoka kupitia hapo, yakatiririka na kuganda juu yake. Maana yake ni moja: ufa ulitokea moto ukiwaka. Joto lilikuwa likitoka nyuma siku zile zote. Hata mimi, niliyefundishwa sayansi kwa chaki tu, nilielewa kwamba tanuri lenye ufa namna ile halingetoa chuma hata cha sindano.

Halafu nikaona alama za vidole. Zilikuwa wazi kana kwamba mtu alizibonyeza jana. Mkono wa kulia, juu, katikati, chini. Nikahesabu. Vinne. Nikahesabu tena pahali pengine, na dole gumba likiwemo. Vinne.

"Bibi!" nikapiga kelele kama mtoto aliyeona sungura. "Bibi, njoo! Si wewe! Lilipasuka! Lilipasuka nyuma wakati wa moto, na wakaziba, tazama! Baba yako mwenyewe ndiye aliyeziba, vidole vyake hivi hapa! Alijua! Alijua tangu mwanzo kwamba ni ufa!"

Mdomo huponza kichwa, lakini siku hiyo wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Bibi alikuja. Alivuka zile hatua kumi kana kwamba hazikuwahi kuwepo. Aliangalia ufa, akaangalia kiraka, akaweka kiganja chake pole pole juu ya alama, na kidole chake cha mwisho akakielekeza pale palipokuwa patupu. Akakaa hivyo. Mimi bado nilikuwa nikitabasamu. Niliona nimemtua mzigo wa miaka hamsini. Kisha nikauona uso wake, na tabasamu likanishinda pa kuliweka.

"Alijua," akasema.

"Bibi, nisamehe. Nilisema haraka."

"Nilimlisha uji, Mwalimu. Kwa kijiko." Akaondoa mkono. "Akanitazama na kumeza."

Akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye tanuri, mahali ambapo mwanamke hakai, akalia bila sauti. Nilikaa pembeni yake. Nilijiona mpumbavu, nikajiona mwizi pia, maana nilikuwa nimempokonya baba yake kwa dakika moja ili mimi nionekane mwerevu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilingojea anigombeze. Heri angenigombeza.

Baadaye akasimama, akajifuta, akasema, "Una panga?"

Nilikuwa na kisu cha kukatia miwa. Tulichokoa naye kiraka, taratibu, mpaka kikatoka kipande kikubwa kama mkate, chenye alama za mkono mmoja mzima. Akakifunga kwenye kitambaa kilichokuwa na viazi. Viazi tukaviacha palepale.

Niliandika taarifa yangu ya kurasa mbili, ikawa tano. Nikampelekea mwenyekiti, nikamwambia sasa najua ni la nani na lilijengwaje, na kwamba kitu namna hii hakijengwi tena. Alisoma mpaka mwisho. Alisema, "Umeandika vizuri sana, Mwalimu. Jumatatu ni pale pale." Nilimkasirikia mwezi mzima. Sasa namfikiria yule mtoto wa njiani, na sijui ningefanya nini mahali pake.

Jumatatu wanaume wakalivunja kwa nyundo na sururu. Likawa lundo. Wanawake walisimama mbali na karai zao, kijiji kizima, wakiangalia vipande vile vyekundu, na hakuna aliyesogea. Mwenyekiti aliwasihi, akawatania, akaanza kufoka. Nilitaka kwenda mimi, lakini mimi ni mtu wa Mbeya, mkono wangu haukuwa na maana yoyote kwao. Ndipo Bibi akatoka katikati yao. Aliinama, akajaza karai lake mpaka juu, akajitwisha, akaanza kushuka. Hakumwangalia mtu. Mmoja akamfuata, kisha wa pili, na mpaka saa sita mchana sakafu ya zahanati ilikuwa imejaa.

Likizo ilipofika tukateremka Milepa. Tulipanda juu ya magunia kwenye lori la mfanyabiashara mmoja, tukashuka ule ukingo wa bonde kona baada ya kona mpaka sweta zikawa mzigo. Bibi alikuwa amepakata kile kitambaa tangu Sumbawanga. Ndugu wa mama yake walikuwa wamekwisha wote isipokuwa mmoja, mdogo wao wa mwisho, mzee wa miaka sabini hivi, mkulima wa mtama, mwenye sauti nene na mikono mipana. Tulimwamkia shikamoo, akatuletea viti uani. Bibi hakuzunguka.

"Mjomba, nimemletea mama kitu cha kuweka kaburini. Lakini nataka ukione wewe kwanza."

Akafungua kitambaa. Mzee alikichukua kile kipande, akakigeuza, akadhani ni tofali. Nikamwonyesha alama. Akaingiza vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu kiatu. Vinne vikaingia. Kidole chake cha mwisho kikakosa pa kukaa, kikabaki hewani. Alikuwa anamfahamu shemeji yake.

"Tanuri lilipasuka," Bibi akasema. "Aliziba mwenyewe, moto ukiwaka."

Mzee hakuondoa mkono. "Dada alikula kiapo hapa hapa uani," akasema. "Alikuwa amesimama pale, penye ule mti mchanga, haukuwepo wakati huo. Mimi nilikuwa kijana. Kaka zangu wakasema fundi mkuu, aliyesema tanuri ni zima, hawezi kusema uongo, na mimi nikasema hivyo hivyo. Hatukula naye sahani moja mpaka alipokufa." Akakiweka kile kipande magotini. "Tukamwambia, basi sema wewe kosa lilikuwa wapi. Alikataa. Alisema neno moja tu kila tulipomuuliza, mpaka tukadhani homa imempanda kichwani. Mtoto asiulizwe. Hivyo tu. Mtoto asiulizwe. Hatukujua ni mtoto gani, wala angeulizwa nini."

Nilimgeukia Bibi.

Alikuwa ameinua mkono wake, mkavu, wenye vumbi la lori, na alikuwa akijifuta kidevu kwa kiganja.